Tunataka barabara yenye kimya, lakini si kimya cha woga

Yeyote aliyekwisha kusukuma kinga toka Butembo kwenda Manguredjipa anajua kwamba kimya kiko cha namna mbili.

Kuko kimya cha asubuhi mapema, wakati ukungu bado umelala kwenye bonde. Unasikia mnyororo wa kinga yako, maji ya kijito kule chini, na jogoo za kijiji cha mbele. Moshi unatoka kwenye majiko. Mama mmoja anakupita na mzigo wa kuni, anakusalimu, unamwitikia. Hapo moyo unatulia, hata kama mzigo unakuvunja mgongo.

Na kuko kimya kingine. Unafika mahali ambapo siku zote unakutana na watu, leo hukutani na mtu. Jogoo haziwiki. Moshi hakuna. Hakuna kinga hata moja inayotokea upande wa mbele. Mwenzako anasimama, anakamata gido kwa mikono miwili, anasema kwa sauti ya chini: "Bwana, hii barabara iko kimya sana leo. Turudi." Mnarudi na mzigo wote, na siku ya kazi imekwisha kupotea. Na mkirudi salama, mnamshukuru Mungu kwamba ni siku tu iliyopotea.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tunaandika leo juu ya barabara na juu ya kinga. Wengine watashangaa. Wamezoea kutusikia tukisema juu ya bei ya gramu, juu ya mashimo yanayobomoka, juu ya karata ya mchimbaji na mambo ya koperative. Hayo hatujayasahau. Lakini tumefika mahali pa kusema wazi: usalama wa mgodi hauanzi kwenye mdomo wa shimo. Unaanza barabarani. Na huku kwetu, barabara ni kwanza ya kinga.

Kinga inabeba nini

Toka Butembo mpaka Manguredjipa ni kama kilomita 100 kuelekea magharibi. Unaacha baridi ya mji wa milima na miti ya kaliptusi, unashuka, unapita migomba na mashamba ya muhogo, unafika Njiapanda. Halafu joto linaongezeka na msitu mkubwa unaanza kukufunika. Bapere ni nchi ya mito. Kila bonde lina kijito chake, kila kijito kina kilalo chake, na kila kilalo kina habari yake ya kusikitisha.

Kamio inapita pale inapoweza. Wakati wa mvua inazama kwenye potopoto, na nyuma yake zingine zinapanga mstari. Pikipiki inapita karibu kila mahali, lakini inataka esansi, na esansi inataka feza. Kinga inapita hata pale pikipiki inapolala chini. Ndiyo maana mfuko wa unga, maharagi, chumvi, sabuni, misumari, kamba, beleshi, betri za tochi, hata pompi ya maji iliyofunguliwa vipande-vipande, mara nyingi vinafika kwenye mashimo ya ndani vikiwa juu ya kinga. Mahali ambapo kinga inashindwa, vinafika mgongoni mwa mtu.

Na kinga hairudi bure. Inarudi na kakao, na mafuta ya ngazi, na mpunga. Inarudi pia na mgonjwa. Ni wangapi kati yetu waliotolewa kwenye karé na mguu uliovunjika, wamekalishwa juu ya kinga, mtu mmoja anasukuma, mwingine anashikilia mgongo wa mgonjwa asianguke? Huku ambulansi yetu ya kwanza ina magurudumu mawili na haina injini.

Angalieni jinsi msukumaji anavyofanya kazi. Anafunga fimbo moja kwenye gido ili aongoze, na nyingine nyuma ya kiti ili asukume. Hakai juu ya kinga yake. Anatembea pembeni yake siku mbili, siku tatu, na kwenye mteremko anaikamata kama mtu anayemzuia ng'ombe asikimbie. Mvua ikinyesha, anajifunika na sashe wakati unga umefunikwa na turubai nzuri, sababu unga ukilowa atalipishwa, na yeye akilowa hakuna anayelipa.

Wazee wanakumbuka Kisangani wakati wa vita, barabara zilipokufa na magari yakapungua. Ni kinga za "toleka" zilizobeba watu mjini, na ni wasukumaji waliopita msituni na bidhaa ili mji upate kula. Hakuna aliyewapa medali. Goma wamejenga sanamu ya chukudu, na ni vizuri. Lakini sanamu haitengenezi barabara.

Wazungu na mizabibu yao

Huko Ulaya watu wanakitafuta kimya kile cha kwanza, tena wanatoa feza ili wakipate. Ufaransa kuna njia ya kinga inayofuata mto Loire, kama kilomita 900, toka katikati ya nchi mpaka baharini. Watu wanaipita polepole, wanatazama maji, mizabibu na majumba ya wafalme wa zamani. Upande wa Bourgogne kuna njia nyingine fupi, kilomita 20 na kitu, inayotoka mji wa Beaune mpaka Santenay katikati ya mashamba ya mizabibu. Ubelgiji, upande wa Wallonie, tangu mwaka 1995 walichukua njia za reli zilizokufa na njia za kando ya mifereji, wakazigeuza kuwa barabara za watu wa miguu, wa kinga na wa farasi. Wanaziita barabara za polepole. Leo zimepita kilomita 1,000, na motokari haina ruhusa ya kuingia.

Tukiongea habari hii pale karé, wengine wanacheka. "Muzungu anapanda kinga juu ya furaha, siye tunaisukuma juu ya njaa." Ni kweli. Lakini tusicheke mbio. Sababu ndani ya habari hiyo kuna jambo linalotuhusu sisi wachimbaji moja kwa moja.

Kule Ubelgiji kuna jimbo linaitwa Limburg. Watu wake walikuwa wachimbaji kama sisi, wa makaa ya mawe. Mgodi wao wa mwisho, wa Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Sasa kulikuwa injinia mmoja wa migodi, jina lake Hugo Bollen. Yeye alijua kitu ambacho kila mchimbaji anakijua: chini ya ardhi njia zinakatana na kukatana, na mtu akipotea anaweza kufa. Dawa yake ni kuweka namba kwenye makutano. Mchimbaji hahitaji kubeba ramani nzima kichwani, anajua tu kwamba anatoka namba hii na anaenda namba ile. Bollen akaitoa akili hiyo chini ya ardhi, akaileta juu. Katika miaka ya 1990 wakaweka namba kwenye makutano ya njia ndogo za kinga kwa jimbo lote, katikati ya mashamba, mito na migodi iliyofungwa. Kisha majirani wakaiga. Leo watu wa Ubelgiji, wa Uholanzi na hata wa Ujerumani wanatembea kwa namba.

Fikirini vizuri, ndugu. Kitu ambacho watalii wanakipenda leo kilitoka kichwani mwa mtu wa mgodi. Basi juu ya nini sisi watu wa mgodi tuone aibu kusema juu ya njia za kinga?

Mizabibu yetu ni hii

Sisi hatuna mizabibu. Tuna kahawa, kakao na migomba, na anayetaka divai tutampa kasikisi. Lakini bonde ni bonde, na shamba ni shamba.

Wazee wetu waliishi na kahawa. Halafu ulikuja ugonjwa wa kunyauka, ule unaokausha mti mzima na mkulima anatazama tu. Uliharibu robusta nyingi ya upande wa Beni miaka ile ya mwisho wa karne iliyopita, na watu wengi wakageukia kakao. Leo kakao inasomesha watoto wa wakulima, na inasomesha pia watoto wa wachimbaji, sababu nyumba nyingi za kwetu ziko na miguu miwili: baba yuko kwenye shimo, mama yuko kwenye shamba. Shimo likikauka, shamba linashikilia nyumba. Shamba likishindwa, gramu mbili tatu zinalipa masomo.

Lakini kakao haingojei amani. Likiiva, tunda linataka kuvunwa. Mbegu zikitolewa, zinataka kuvundikwa siku kadhaa, kisha kuanikwa kwenye jua. Mama akiogopa barabara juma mbili, anakuta matunda meusi yameoza kwenye mti, na mengine mwizi amekwisha kuyabeba. Kwa hiyo tunaposema barabara ya kinga, hatusemi jambo la wachimbaji peke yao. Shimo na shamba vinakula kupitia njia moja.

Damu iliyomwagika kando ya njia hiyo

Hatuwezi kuandika juu ya bonde letu kana kwamba ni bonde la Loire. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 mwezi wa sita 2024, watu wasiopungua 40 waliuawa Mayikengo, hapa hapa Lubero. Mwezi wa tisa 2025 ilikuwa Ntoyo, karibu na Manguredjipa. Watu walikuwa kwenye matanga, wakimlilia marehemu mmoja. Kabla ya asubuhi zaidi ya watu 60 walikuwa wamekufa. Katika hao walikuwemo wakulima, wachimbaji, wamama, watoto. Kila msomaji wa ukurasa huu kutoka Bapere anajua jina moja angalau, na sisi hatutaandika jina lolote, sababu kidonda bado kibichi.

Baada ya kila shambulio tunaona picha ileile. Familia zinaondoka zikielekea Njiapanda, zikielekea Butembo. Na zinaondoka na nini? Na kinga. Godoro juu, sufuria pembeni, mtoto mdogo amefungwa katikati ya vitu, baba anasukuma, mama anatembea nyuma na mtoto mwingine mgongoni. Kamio haziko. Pikipiki imepandisha bei mara mbili, mara tatu. Kinga haijapandisha bei, sababu ni ya nyumbani.

Sasa tuulize: familia hiyo ikifika kwenye kilalo kilichobomoka usiku, inapita wapi? Ikifika kwenye potopoto ambamo kamio mbili zimezama na kuziba njia yote, inapita wapi? Barabara mbaya inaua kama risasi, tofauti ni kwamba haina kelele.

Tunachoomba

Ombi letu si kubwa. Hatuombi lami toka Butembo mpaka Manguredjipa kesho asubuhi. Tumeahidiwa mengi, tumezeeka tukingoja. Tunaomba mambo matano ambayo yanaweza kuanza kwa jembe, nyundo na rangi.

La kwanza: kila mara barabara inapotengenezwa, upande mmoja ubaki na njia ya kinga na ya miguu, mita moja na nusu tu, imeinuliwa kidogo, na mfereji wa maji kando yake. Barabara yetu haifi juu ya uzito wa kamio peke yake. Inakufa juu ya maji. Magurudumu yanachimba mistari miwili, maji yanakaa ndani, kamio inayofuata inachimba zaidi, na mwisho iko shimo la kuzamisha ng'ombe. Mfereji ukiwa wazi maji yanaondoka, na hata kamio itashukuru.

La pili: vilalo. Vingi vimewekwa mbao kwa urefu, kufuata njia, na katikati ya mbao kuna nafasi. Gurudumu la kamio halioni kitu. Gurudumu la kinga linaingia katikati, linakamatwa, na mtu na mzigo wake wanakwenda mtoni. Mwenzetu mmoja alianguka hivyo na mifuko miwili ya unga. Yeye alitoka na bega lililovunjika, unga ulikwenda na maji, na deni lilibaki. Dawa ni mbao chache za kupigilia kwa upana juu ya zile za urefu, upande mmoja wa kilalo. Fundi mmoja na kilo chache za misumari, kazi ya siku moja.

La tatu: kinga isilipishwe kwenye bariere. Kuna mahali msukumaji anafika, kamba inavutwa, anaombwa "ya chai". Hana. Anakalishwa. Jua linapanda. Anaachiliwa saa za mangaribi, na anaingia msituni na giza, peke yake, sababu wenzake walikwisha kwenda. Feza iliyotafutwa pale ni kidogo sana, lakini hatari iliyonunuliwa ni kubwa. Bariere ya kulinda watu tunaikubali. Bariere inayomtenga mtu na wenzake na kumtuma usiku porini hailindi mtu.

La nne: namba. Tuige akili ya yule injinia wa Limburg. Kila njia inapokatana na nyingine, toka Butembo mpaka Manguredjipa na kwenye njia ndogo za kuelekea karé na mashamba, pawekwe nguzo yenye namba iliyopakwa rangi. Leo mtu akipiga simu kuomba msaada anasema: "Tuko pale kwa mti mkubwa, mbele ya kilalo kilichovunjika." Askari aliyetoka jimbo lingine atajua mti gani? Dereva wa ambulansi atajua kilalo gani, na vyote vimevunjika? Lakini akisema, "Tuko kati ya 14 na 15," mtoto wa shule atamwelewa. Na kwenye nguzo waandike pia kama hapo mtandao wa simu unapatikana. Anayejua mahali pa kusimama na kupiga simu amekwisha kupata nusu ya msaada.

La tano linatuhusu sisi wenyewe, na tutalisema wazi hapa chini.

Watakaotupinga

Kuna watakaosema: "Watu wanauawa, nanyi mnaomba njia za kinga?" Tunajibu: ndiyo, juu ya sababu hiyo hiyo. Hatujasema namba zitafukuza muuaji. Kazi ya kumfukuza muuaji ni ya jeshi, na tutaendelea kuidai. Lakini barabara inayopitika ndiyo inayoleta askari mapema na kutoa mama mjamzito mapema. Na barabara yenye watu wengi ina macho mengi. Barabara iliyoachwa inakuwa ya mtu mbaya.

Wengine watasema namba zitamwonyesha adui njia. Ndugu, adui amekwisha kuijua njia. Ametembea humo usiku miaka. Asiyeijua ni yule anayekuja kutuokoa.

Wengine tena watasema kinga hailipi barabara. Hapo tunataka watu wasikilize vizuri. Tangu mwaka 2008 kuna mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, na feza yake inatoka hasa ndani ya bei ya mafuta. Kila lita ya esansi iliyoingia kwa njia halali imekatwa kitu cha barabara. Sasa pompi zetu za kutoa maji kwenye mashimo zinakunywa nini? Zinakunywa esansi, mchana na usiku. Pompi haitembei barabarani hata hatua moja, lakini imelipa barabara. Kwa hiyo mchimbaji ni mlipaji mzuri kuliko wengi, na msukumaji aliyeileta ile bidoni juu ya kinga naye ameweka nguvu zake. Tunadai kidogo cha kile tulichokwisha kulipa.

Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, serikali ya jimbo iko Beni. Zamani tuliambiwa wakubwa wako mbali na hawaoni. Leo hawako mbali. Toka Beni kufika Butembo ni kama kilomita 50 tu, na toka Butembo tutawapeleka sisi wenyewe. Waje na gari mpaka pale gari itakaposhindwa. Hapo tutawapa kinga.

Makosa yetu

Sasa jambo la tano. Sendika isiyoweza kujisema yenyewe haina haki ya kumsema mwingine.

Sisi wachimbaji tumeharibu njia pia. Kuna wenzetu waliofuata mshipa wa dhahabu mpaka chini ya ukingo wa barabara, na mvua ya kwanza ikakata njia nusu. Kuna waliosafisha mchanga wao karibu na nguzo za kilalo mpaka mto ukageuza mwendo na kula udongo wa pembeni. Kuna mashimo yaliyoachwa wazi kando ya njia za miguu, bila hata tawi la mti kuonya mpita njia. Hatuwezi kuomba Leta itengeneze kwa mkono mmoja, na mkono mwingine tunabomoa.

Na kuna kosa kubwa zaidi. Hatujawahesabu wasukumaji wa kinga kuwa wenzetu. Siku ya kugawa, PDG wa shimo anahesabu mchimbaji, anahesabu mtoa maji, anahesabu msagaji, anahesabu mlinzi. Msukumaji aliyeleta chakula kilichowalisha wote anaambiwa, "Ngoja mpaka shimo litoe." Shimo lisipotoa, anangoja mwezi. Akiugua, hakuna mchango. Akiuawa njiani, hakuna jina lake kwenye daftari lolote. Sheria ya migodi ya 2018 inataka wachimbaji tuwe ndani ya koperative, na tumeingia. Basi tunapendekeza kila koperative ifungue ukurasa wa wasukumaji kwenye daftari lake: jina, kijiji, siku aliyoondoka, siku aliyofika. Mambo mawili yatafuata. Atalipwa siku anaposhusha mzigo. Na asipofika kwa siku yake, kuna mtu atakayeuliza: "Yuko wapi?"

Swali hilo moja, "Yuko wapi?", linaweza kuokoa maisha. Mara nyingi tumejua mtu amepotea wakati mke wake amekuja kuuliza mwenyewe, na siku nyingi zimekwisha kupita.

Tuko tayari kuanza

Salongo tunaijua tangu wazazi wetu. Sisi wa sendika tunatoa pendekezo: kila karé iliyo kando ya barabara itoe siku moja kwa mwezi, siku ya posho, kufungua mfereji na kupigilia mbao za kilalo kilicho karibu nayo. Chefu wa kijiji aonyeshe sehemu ya kila kundi. Misumari tutachanga. Nguzo za namba, mafundi wa mbao watazikata, na vijana wa shule watapaka rangi. Hatutangoja mradi wala kibao cha mfadhili. Lakini tunaomba Leta ifanye kile ambacho jembe letu haliwezi: ilinde barabara, iondoe kamba za chai, na ilete mashine pale ambapo mlima umeanguka.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Msukumaji wa kinga amekwenda pole maisha yake yote, na bado anajikwaa, sababu njia iliyo chini ya miguu yake imeachwa.

Mwisho, tuseme jambo dogo. Watoto wetu wa Manguredjipa wanapenda kinga kama watoto wote. Baba akishusha mzigo jioni, kijana wa miaka minane anaomba, "Papa, niazime kidogo." Hafikii kiti. Anapitisha mguu katikati ya chuma na kuendesha hivyo hivyo, ameinama upande mmoja, anacheka, wadogo zake wanamkimbilia nyuma. Anafika mwisho wa nyumba, mama anamwita kwa nguvu: "Rudia hapo! Usipite!"

Tunataka siku ambapo mama hataita hivyo. Siku ambapo, baada ya misa ya siku ya Mungu, mtu atapanda kinga yake bila mzigo hata mmoja, apite kwenye kakao na migomba mpaka mtoni, amsalimu shemeji yake kijiji cha pili, na arudi jioni polepole. Kwa watu wa Loire hiyo ni siku ya kawaida. Sisi tunaomba iwe ya kawaida na kwetu.

Mikutano yetu juu ya salongo ya kwanza itatangazwa kwenye kila karé. Njooni na jembe. Na mwenye kinga, aje nayo.